Pumzi ya Injini: Kutoka Mivukuto ya Katanga hadi Supachaja za Marekani

Injini ya petroli hula hewa nyingi kuliko mafuta. Ili kilo moja ya petroli iungue sawasawa, huhitajika kilo 14.7 hivi za hewa. Kuongeza petroli si kazi, kwa kuwa pampu ndogo huimwaga kwa wingi wowote. Kazi ipo kwenye hewa, na anayefaulu kuingiza hewa nyingi zaidi ndani ya silinda ndiye anayepata nguvu nyingi zaidi. Magari ya kasi ya Marekani yamefuata njia mbili katika jambo hili. Ya kwanza ni injini inayojivutia hewa yenyewe: pistoni inaposhuka huacha nafasi tupu, vali hufunguka, na hewa ya nje huingia kwa kanieneo yake ya kawaida. Ya pili ni injini inayosukumiwa hewa kwa kipulizo. Kipulizo hicho kikizungushwa kwa mkanda au gia kutoka kwenye kranki huitwa supachaja. Kikizungushwa na moshi unaotoka huitwa turbo.

Tofauti kati ya njia hizo huonekana upesi zaidi mahali palipoinuka, na Karavia ni mahali pa namna hiyo. Mtaa huu wa Lubumbashi, wenye uwanja wa gofu, ziwa na hoteli ya Grand Karavia, uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ina kanieneo pungufu kwa asilimia 13 hivi kuliko ya pwani. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba injini inayojivutia hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda. Gari lililoteremshwa melini Dar es Salaam, likapita Tunduma na nchi nzima ya Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa, hufika Lubumbashi na injini ileile lakini si nguvu zilezile: zaidi ya sehemu moja ya kumi imebaki njiani, na hakuna kilichoharibika.

Katanga, eneo lenye mji wa Lubumbashi, iliijua shida ya hewa karne nyingi kabla ya gari kubuniwa. Wayeyushaji wa shaba wa eneo hilo, wakiwemo Wasanga na baadaye Wayeke wa Msiri kule Bunkeya, walifanya kazi yao wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha na mvua iko mbali. Jiwe la kijani la malakiti lilichimbwa, likapondwa, likachomwa kwa makaa ya miti migumu ndani ya tanuri dogo la udongo wa kichuguu. Moto wa makaa peke yake hautoshi kuyeyusha shaba, ambayo huhitaji nyuzi 1,085 za Selsiasi. Hapo ndipo mvukuto ulipoingia. Ulikuwa mifuko miwili ya ngozi ya swala, na mpulizaji alishika mmoja kwa kila mkono, akiinua huu huku akikandamiza ule, ili upepo usikatike hata kidogo. Upepo huo ulipita kwenye mdomo wa udongo ulioingia hadi katikati ya makaa, kwa kuwa mdomo wa mti ungeungua. Shaba iliyotoka ilimiminwa katika kalibu za umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikasafiri mbali kama fedha. Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari wa Kibenedikto, aliiandika kazi hiyo mwaka 1926, wakati wazee walioijua bado walikuwa hai.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Wafipa wa upande wa Sumbawanga walikuwa na jibu jingine. Kwa chuma walijenga tanuri refu, lililomzidi mtu kimo kwa mbali, lenye matundu mengi chini. Moto ulipokolea, hewa ya moto ilipanda juu na kuvuta hewa mpya kupitia matundu yale, bila mkono wa mtu wala mfuko wa ngozi. Tanuri hilo la kujivutia lilichukua siku kadhaa, na kilichotoka kilikuwa chuma chenye taka nyingi. Kisha chuma hicho kilipelekwa kwenye tanuri dogo la pili, na huko mivukuto ilipulizwa ili kukisafisha. Yaani mafundi walewale walitumia njia zote mbili, kila moja mahali pake: tanuri kubwa lililofanya kazi polepole bila mashine, na tanuri dogo lililofanya kazi haraka kwa kusukumiwa upepo. Uamuzi huo wa kuchagua kati ya ukubwa na msukumo ndio uleule uliowakabili wahandisi wa Marekani katika karne ya 20, na inastahili kusemwa wazi kwamba wao hawakuwa wa kwanza kuufikiria.

Kipulizo kilichokuja kukaa juu ya injini za Marekani nacho kilianzia kwenye tanuri. Ndugu wawili, Philander na Francis Roots, walikuwa na kiwanda cha sufu huko Connersville, katika jimbo la Indiana. Wakitafuta namna bora ya kutumia nguvu za maji ya mto, walitengeneza mashine ya rota mbili zenye umbo la tarakimu 8, zinazozunguka ndani ya kasha moja bila kugusana. Iligundulika kwamba mashine hiyo inapuliza hewa vizuri sana, na mwaka 1860 ndugu hao wakapata hataza yake. Wanunuzi wakawa wenye matanuri ya kuyeyushia chuma na wenye migodi iliyohitaji hewa safi chini ya ardhi. Ubora wake ulikuwa katika usahili: kila mzunguko hubeba kiasi kilekile cha hewa, hata ukiwa wa polepole.

Matanuri ya kupulizwa kwa mashine yalifika Katanga pamoja na reli. Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli kutoka Rhodesia ikafika mahali palipoitwa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa katika kiwanda cha kando ya mto Lubumbashi. Tanuri lilikuwa la aina ya ukuta unaopozwa kwa maji, lililolishwa makaa ya koka kutoka Wankie, na hewa iliingizwa kwa nguvu kupitia matundu ya chini. Tanuri la namna hiyo haliwezi kuwaka sawasawa bila kipulizo. Mji wa Lubumbashi, kwa maana hiyo, ulizaliwa na hewa ya kusukumwa, na rundo kubwa jeusi la taka ya tanuri lililo karibu na bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines ni hesabu ya hewa yote iliyopulizwa pale.

Kutoka tanurini hadi garini hatua haikuwa ndefu. Gottlieb Daimler alikuwa ameliwaza jambo hilo Ujerumani tangu mwaka 1885. Marekani, Lee Chadwick wa Pennsylvania alifunga kipulizo kwenye gari lake la silinda sita, na mwaka 1908 gari hilo likashinda mashindano ya kupanda mlima wa Giants Despair. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya turbo mwaka 1905, akilenga injini kubwa za dizeli. Lakini sababu iliyosukuma kazi hiyo mbele kuliko zote ilikuwa mwinuko. Ndege za Vita Kuu ya Kwanza zilipopanda juu ziliishiwa pumzi, na mwaka 1918 Sanford Moss wa kampuni ya General Electric akabeba injini ya ndege aina ya Liberty hadi kileleni mwa Pikes Peak, Colorado, mita 4,300 juu. Chini bondeni injini hiyo ilikuwa imetoa nguvu farasi 350. Kileleni, ikijivutia yenyewe, ilitoa 230. Ilipofungwa turbo ilitoa 356, zaidi kidogo ya nguvu zake za chini. Jaribio hilo bado ndilo maelezo bora ya suala zima, na kila anayeendesha gari Lubumbashi anaishi katikati ya tarakimu hizo mbili za kwanza.

Mabingwa wa mashindano waliitikia haraka. Mwaka 1924 gari la Duesenberg lenye supachaja lilishinda mbio za maili 500 za Indianapolis, la kwanza la aina hiyo kufanya hivyo. Duesenberg hao hao wakatoa kielelezo kinachofaa kuliko vyote kwa kulinganisha. Mwaka 1928 walizindua gari la Model J, lenye injini ya silinda nane za mstari mmoja, ujazo wa karibu lita 6.9, iliyojivutia hewa yenyewe na kutoa nguvu farasi 265, kiasi ambacho magari mengi ya wakati huo hayakukifikia hata nusu. Mwaka 1932 injini ileile ilifungwa supachaja ya kuzunguka kwa kasi, ikaitwa SJ, ikatangazwa kuwa na 320. Ujazo haukuongezeka hata chembe. Nguvu ziliongezeka kwa asilimia 20 hivi. Auburn wakafuata mwaka 1935 kwa gari lililotoka 115 hadi 150, na Cord mwaka 1937 kutoka 125 hadi 170. Magari ya Cord yaliungwa Connersville, mji uleule wa ndugu Roots.

Indiana inaingia tena katika habari hii kwa upande wa madini, na hapo Katanga haiko mbali. Elwood Haynes wa Kokomo alikuwa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kutengeneza gari, mwaka 1894. Baadaye alichanganya kobalti na kromi akapata aloi aliyoiita Stellite, ngumu hata ikiwa nyekundu kwa joto. Aloi hiyo ikaja kufaa kwa kufunikia nyuso za vali za moshi, sehemu inayopigwa na joto na kugonga maelfu ya mara kwa dakika, na ndugu yake wa karibu, Vitallium, ikatumika kutengeneza mapanga ya turbo za ndege za kivita za Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Union Minière ilianza kuzalisha kobalti miaka ya 1920, na punde Kongo ya Wabelgiji ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Watu wa Katanga wamezoea kusikia habari za shaba yao ikienda kuwa nyaya. Sehemu ya kobalti yao ilikwenda mahali pa moto zaidi: kwenye vali na mapanga yaliyoiwezesha injini kusukumiwa hewa bila kuyeyuka.

Vita hivyo pia viliacha kitu kilichobadilisha mitaa ya California. Tangu 1938 General Motors walikuwa wakitengeneza injini ya dizeli ya mipigo miwili, ambayo haina mpigo wa kuvuta hewa. Injini hiyo haiwezi kuwaka bila kipulizo cha Roots kinachosukuma hewa safi na kufukuza moshi. Ile ya silinda sita iliitwa 6-71, kwa kuwa kila silinda ilikuwa na ujazo wa inchi 71 za mchemraba. Ilisukuma malori, mabasi, boti za kuteremshia askari, hata vifaru. Vita vilipoisha, vipulizo vyake vikajaa kwenye maduka ya vyuma chakavu kwa bei rahisi, na vijana wenye magari ya kukimbizana wakaviokota, wakavifunga juu ya injini za petroli za V8 kwa mkanda mpana. Umbo hilo la kipulizo kinachochomoza juu ya boneti ndilo mpaka leo linalotambulisha gari la mbio za masafa mafupi la Kimarekani, na wengi wanaolipenda hawajui kwamba lilianza kama kiungo cha lori.

Miaka ya 1956 na 1957 njia zote mbili zilikutana ana kwa ana madukani. Studebaker wa South Bend waliuza Golden Hawk ya 1956 ikiwa na injini kubwa ya Packard, lita 5.8, iliyojivutia na kutoa nguvu farasi 275. Mwaka uliofuata walirudi kwenye injini yao wenyewe ya lita 4.7, wakaifunga supachaja ya McCulloch, nguvu zikawa 275 zilezile. Lita nzima na zaidi ilifidiwa kwa kipulizo kimoja, na pua ya gari ikawa nyepesi. Ford nao walitoa Thunderbird chache za 1957 zenye supachaja ya McCulloch na nguvu farasi 300. Chevrolet wakashika njia ya kujivutia: injini ya Corvette, yenye ujazo wa inchi 283, ilinyunyiziwa petroli kwa sindano badala ya kabureta na kutoa nguvu farasi 283, moja kwa kila inchi, bila kusukumiwa chochote. Kisha siasa za michezo zikaamua: shirika la mbio za magari la NASCAR lilipiga marufuku supachaja mwaka huohuo wa 1957, na chama cha watengenezaji magari kikakubaliana kujiondoa kwenye mashindano. Supachaja ikasukumwa pembeni kwa zaidi ya miaka thelathini, na si kwa sababu ilikuwa imeshindwa kazi.

Kilichofuata kilikuwa zama za injini kubwa za kujivutia. Petroli ilikuwa rahisi Marekani, na kuongeza ujazo kulikuwa rahisi kuliko kuongeza mashine. Pontiac GTO ya 1964 ilikuwa na lita 6.4, injini ya Hemi ya Chrysler iliyowekwa kwenye magari ya barabarani tangu 1966 ilikuwa na lita 7 na nguvu farasi 425, Chevelle ya 1970 ikafika lita 7.4 na 450. Kwa hesabu za wakati ule, zilizopimwa injini ikiwa imevuliwa vifaa vyake, tarakimu hizo zilikuwa na chumvi kidogo, lakini msukumo wake kuanzia mzunguko wa chini ulikuwa wa kweli.

Afrika Mashariki iliziona injini hizo mapema. Mwaka 1964 kampuni ya Ford ilileta magari ya Mercury Comet yenye V8 katika mashindano ya East African Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, chini ya usimamizi wa Bill Stroppe wa California. Kati ya sita yaliyoanza, mawili tu yalimaliza. Ushindi ulikwenda kwa Ford nyingine, Cortina GT ya lita 1.5, mikononi mwa Peter Hughes na Billy Young. Kwenye tope la wakati wa Pasaka na barabara zilizopanda zaidi ya mita 2,000, wepesi na ustahimilivu vilikuwa na thamani kuliko wingi wa silinda. Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alithibitisha jambo hilo aliposhinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, nayo ya kujivutia. Kwa zaidi ya miaka kumi na tano iliyofuata injini ndogo za kujivutia zilitawala: Datsun, Ford Escort, Mitsubishi Lancer ya Joginder Singh, na Datsun Violet ya Shekhar Mehta iliyoshinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Huko Marekani zama za injini kubwa zilifungwa na sheria ya hewa safi ya 1970 na mgogoro wa mafuta wa 1973. Corvette ya kawaida ya 1975 ilishuka hadi nguvu farasi 165. Miaka hiyohiyo bei ya shaba iliporomoka na kuiumiza Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na Katanga, iliyokuwa imepewa jina la Shaba mwaka 1971, ikaingia katika vita vya 1977 na 1978. Waasi walipoivamia Kolwezi mwezi Mei 1978, bei ya kobalti duniani ilipanda mara kadhaa, na viwanda vya Marekani vikakimbilia kutafuta madini mbadala. Ni mara chache mji wa Katanga umetikisa karakana za Detroit namna hiyo.

Ukame huo wa nguvu katika injini za Marekani ndio uliorudisha hewa ya kusukumwa. Buick walichukua injini ya V6 ya lita 3.8, wakaifunga turbo tangu 1978, na baada ya kuiboresha hatua kwa hatua, na kuiongezea kipoza hewa, wakatoa GNX ya 1987 yenye nguvu farasi 276. Corvette ya mwaka huo, yenye V8 ya lita 5.7 ya kujivutia, ilikuwa na 240. Kwenye Safari mambo yaligeuka vilevile. Toyota Celica yenye turbo ilishinda 1984 kwa Björn Waldegård, 1985 kwa Juha Kankkunen, na 1986 tena kwa Waldegård. Baada yake zikaja Audi na Lancia, zote za turbo. Supachaja pia ilionekana: Lancia 037, yenye kipulizo cha aina ya Roots, ilishika nafasi ya tatu mwaka 1986 ikiendeshwa na Markku Alén. Haikushinda Safari hata mara moja, lakini iliwaonyesha watazamaji wa Kenya gari linaloitikia mguu bila kusubiri.

Kusubiri huko ndiko kiini cha hoja ya wapenzi wa supachaja. Turbo huzungushwa na moshi, na moshi huja baada ya mafuta kuungua. Dereva akikanyaga ghafla, hupita kitambo kidogo kabla ya msukumo kufika. Supachaja imefungwa kwenye kranki, kwa hiyo huanza kazi mara moja. Gharama yake hulipwa na injini yenyewe: kuzungusha kipulizo kikubwa hula nguvu. Dodge walieleza kwamba supachaja ya gari lao la Hellcat, kwenye mzunguko wa juu, huchukua nguvu farasi 80 hivi, zaidi ya nguvu zote za gari dogo la abiria. Turbo hutumia nishati ambayo kwa sehemu kubwa ingepotea kwenye eksozi. Adui wa vipulizo vyote viwili ni joto. Hewa ikibanwa hupata moto, na mchanganyiko wenye moto huungua kabla ya wakati wake. Fundi husikia injini ikigonga, na pistoni hutoboka ikiachwa. Ndiyo sababu injini za kusukumiwa huwekewa kipoza hewa, na hudai petroli yenye okteni ya juu. Injini ya kujivutia hukabiliana na joto dogo zaidi, mguu na msukumo wake huenda pamoja, na sehemu za kuharibika ni chache.

Tangu mwisho wa miaka ya 1980 njia hizo zimeishi pamoja, na kampuni moja mara nyingi imeuza zote mbili. Ford walirudisha supachaja kwenye Thunderbird ya 1989. Mustang Cobra yao ya 2001 ilijivutia na kutoa nguvu farasi 320. Ya 2003, kwa ujazo uleule wa lita 4.6, ilipewa supachaja na injini ya chuma iliyoimarishwa, ikatoa 390. Corvette Z06 ya 2006 ilikuwa na lita 7 za kujivutia, fito za pistoni za titani na nguvu farasi 505. ZR1 ya 2009 ilipunguza ujazo hadi 6.2, ikaongeza supachaja, ikafika 638. Dodge Challenger ya 2015 iliuzwa na Hemi ya lita 6.4 ya kujivutia yenye 485, au ya lita 6.2 ya supachaja yenye 707, ndiyo Hellcat. Wengi walidhani njia ya kujivutia imekufa, hadi Chevrolet walipotoa Z06 ya 2023: lita 5.5, nguvu farasi 670 kwenye mizunguko 8,400 kwa dakika, injini ya V8 ya kujivutia yenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutengenezwa kwa gari la kuuzwa dukani. Kwa uhandisi mtupu, hiyo ni kazi ya kuvutia kuliko Hellcat. Lakini miaka miwili baadaye ndugu wa injini hiyo alifungwa turbo mbili, akafika 1,064.

Tarakimu zote hizo ni za usawa wa bahari. Kama Challenger zile mbili zingeletwa Karavia, ya kujivutia ingebaki na nguvu farasi 425 hivi. Wengi hudhani ile ya supachaja isingepoteza kitu, na si kweli. Supachaja huzidisha kanieneo inayoikuta. Mkanda wake una uwiano mmoja usiobadilika, na hewa ikiingia nyepesi hutoka nyepesi. Nayo ingeshuka kwa kiwango kilekile, hadi 620 hivi. Faida yake ni kwamba inaanzia juu zaidi. Turbo peke yake ndiyo inayoweza kurudisha kilichopotea, kwa sababu kidhibiti chake huiruhusu kuzunguka kasi zaidi hadi kanieneo iliyopangwa ifikiwe. Moss aliliona hilo Pikes Peak mwaka 1918, na malori yanayobeba mabamba ya shaba kutoka Kolwezi, zaidi ya mita 1,400 juu, hadi Kasumbalesa hulithibitisha kila siku: ni ya dizeli na turbo.

Hata hivyo gari linaloheshimiwa kuliko mengi katika gereji za Lubumbashi bado linajivutia. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2, hutoa nguvu farasi 130 hivi. Injini ya ujazo uleule yenye turbo, 1HD-FTE, hutoa takriban 200. Kwenye mlima 1HZ hutoa moshi mweusi, kwa kuwa pampu yake ya zamani huendelea kumimina dizeli kana kwamba hewa ni ya pwani. Mashirika na wachimbaji huinunua wakilijua hilo, kwa sababu haidai mafuta safi sana, haina kipulizo cha kuchakaa, na fundi yeyote huifungua kwa spana za kawaida.

Vumbi jekundu la kiangazi ndilo huamua mengine. Kichujio cha hewa kikitolewa kwenye gari lililotoka barabara ya machimbo mwezi Septemba huwa kimegeuka rangi ya tofali hadi ndani ya mikunjo. Kikipasuka kwenye injini ya kujivutia, vumbi husaga ringi na kuta za silinda polepole, na dereva hupata miezi ya onyo kwa moshi wa bluu na mafuta yanayopungua. Kikipasuka mbele ya turbo, vumbi hugonga mapanga ya alumini yanayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, huyala kingo zake, na mizani yake ikishapotea beringi haikawii kufa. Supachaja ya Roots ina rota zinazopishana kwa nafasi nyembamba mno. Mchanga ukiingia hukwaruza kasha, nafasi hupanuka, na hewa huanza kurudi nyuma. Mafundi hukagua kwanza mpira wa kuingizia hewa na vibana vyake kabla ya kugusa kitu kingine, na gari lililosimama kwa kukosa nguvu mara nyingi hupona kwa kubadilishiwa kichujio tu.